Kuwatafuta Ndugu Waliopotezana: Chombo Gani Kinatufaa?

Karibu na Kilwa yetu, katika ziwa Mwero, kuna kisiwa ambacho nacho kinaitwa Kilwa, lakini ni cha Zambia. Ngambo ya pili ya ziwa ndiko Nchelenge na Kashikishi. Watu wetu wanavuka kwa biashara ya samaki, wanaoa kule, wanazikana. Mpaka wa Leta unapita katikati ya maji, na jamaa moja iko na watu pande zote mbili. Katika siku za amani, habari za jamaa zinapita pamoja na samaki. Katika siku za vita ni neno lingine kabisa.

Tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa. Siku ya pili askari wa Leta waliurudisha mji kwa nguvu, na uchunguzi wa MONUC ulihesabu watu wasiopungua 73 waliokufa. Wakaaji wengi sana walikimbia, hawa kwa njia ya pori, hawa kwa mitumbwi. Na mtumbwi, wandugu, haungoji jamaa nzima ikusanyike. Baba anapandisha watoto wawili na nkambo yao, mahali pamejaa, anasema: nendeni, nitafuata. Saa moja nyuma yake njia ya bandari imefungwa.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwisho wa mwaka 2000, Pweto ilipoanguka, maelfu walivuka mpaka kambi za Mwange na Kala, ambazo zilifungwa mwaka 2010. Tena haikuwa mara ya mwisho. Mwaka 2017 wengine walikimbia, na kwa ajili yao kambi ya Mantapala ilifunguliwa katika wilaya ya Nchelenge mwezi wa Januari 2018. Wa kwanza wao kurudishwa Pweto kwa mpango walianza safari mwezi wa Desemba 2021. Basi katika parokia za kando ya ziwa hakuna aliye mgeni wa maulizo mawili ambayo watu wanamletea padri ao mkatekista mbele ya kumwendea mtu mwingine yeyote: Je, yuko mzima? Je, yuko wapi?

Siku hizi vijana wengi wanajibu upesi: telefone itamaliza neno hili. Fratri mmoja anayejua ordinatere anaweza hata kutaka kutengeneza mwenyewe programu ya kuwatafuta waliopotezana. Ni wazo jema, na hatutaki kumkatisha tamaa. Lakini mbele ya kutengeneza chombo inafaa kufahamu kazi yenyewe, maana wengine waliifanya zamani, na walijifunza mambo ambayo telefone peke yake haiwezi kutufundisha.

Mwaka 1870, katika vita ya Ufaransa na Prusia, Msalaba Mwekundu ulifungua ofisi Basel, katika Uswisi, kusudi habari za askari waliojeruhiwa na waliokamatwa ziwafikie watu wao. Mwaka 1914 ofisi kubwa zaidi ilifunguliwa Geneva. Kazi yake ilikwenda hivi. Barua inafika toka kwa mama wa Ufaransa: mwana wangu, jina lake hili, kikosi chake hiki, sina habari zake. Karani anaandika fishi moja ya ulizo. Siku nyingine inafika toka Ujerumani orodha ya waliokamatwa. Karani mwingine anaandika fishi ya habari kwa kila jina. Fishi zote zinapangwa katika sanduku kwa kufuata majina. Siku fishi ya ulizo inapokaa kando ya fishi ya habari ya mtu yule yule, kazi imetimia, na barua inatoka kwenda kwa mama. Vita ilipokwisha, fishi zilikuwa karibu milioni 7. Ordinatere za leo, pamoja na mbio zao zote, hazifanyi neno lingine: zinakalisha fishi mbili kando kando.

Kanisa vilevile lilifanya kazi hii. Papa Pius XII alifungua mwaka 1939 ofisi ya habari ya Vatikano juu ya wafungwa wa vita na waliopotea. Ilifanya kazi mpaka 1947. Radio Vatikano ilisoma majina na mesaje za jamaa hewani kwa masaa mengi, na toka 1940 mpaka 1946 mesaje hizo zilipita milioni moja na laki mbili. Fikirini kidogo: sauti inasoma majina, na mahali fulani mama ameegemea redio ya jirani, anangoja jina moja tu.

Na chombo cha tatu cha zamani kingali kinatumika mpaka leo, hata katika makambi: mesaje ya Msalaba Mwekundu. Ni karatasi isiyofungwa. Ndani yake zinaandikwa habari za jamaa tu: tuko wazima, mtoto amezaliwa, nkambo amekufa. Hakuna neno la vita wala la siasa. Mtu anaweza kudhani kwamba kuacha barua wazi ni upungufu. Hapana, imetengenezwa hivyo kwa akili. Wakubwa wa kila upande wakitaka kuisoma wataisoma, na kwa sababu hawaoni ndani yake kitu cha kuogopa, wanaiacha ipite. Anayeileta anaingia kambini kwa miguu, anauliza jina toka hema mpaka hema, na akimpata mwenyewe anangoja jibu.

Sasa tuje kwa mambo mapya. Vijana wawili wa Danemark, Christopher na David Mikkelsen, walijuana na kijana wa Afganistani aliyepotezana na watu wake katika kukimbia. Walipojaribu kumsaidia waliona kwamba kila shirika lina karatasi zake, na karatasi za huyu hazijuani na za yule. Mwaka 2008 wakaanzisha Refugees United, iliyoitwa baadaye REFUNITE. Mwaka 2010 walianza kuitumia Uganda kwa njia ya telefone ndogo za kawaida, pamoja na kampuni za telefone. Neno jipya lilikuwa hili: mkimbizi mwenyewe anajiandika na kutafuta, bila kungoja karani. Tena hakulazimishwa kuweka jina lake la kweli. Aliweza kuweka jina la utani, alama ya mwili, neno ambalo watu wa nyumba yake tu wanalijua.

Kwa watoto njia hiyo haitoshi, maana mtoto wa miaka minne hawezi kujiandika. Ndiyo sababu wanafunzi wa chuo kimoja cha New York, pamoja na UNICEF, walitengeneza programu nyingine, RapidFTR. Hapo mtumishi aliyefundishwa ndiye anamwandika mtoto katika telefone pamoja na foto yake. Kama hakuna rezo, telefone inatunza kila kitu ndani yake. Inapofika mahali penye rezo inatuma yote. Uganda waliitumia kwa watoto wa Kongo waliokimbia vita ya Kivu, kisha kazi yake iliingizwa ndani ya programu kubwa zaidi iitwayo Primero. Mtaona tofauti: kwa mtu mzima mlango umefunguliwa, kwa mtoto mlango umefungwa na ufunguo uko kwa mlinzi. Foto ya mtoto asiye na mzazi haitundikwi hovyo mbele ya watu wote, kwa sababu yule wa kwanza kusema «huyu ni wangu» si lazima awe baba yake.

Lakini twende kwa neno ambalo kwetu ni zito kuliko yote: jina.

Mashini inatafuta jina. Je, mtu wa kwetu iko na jina gani? Tuseme mama mmoja wa Kilwa anamtafuta mdogo wake. Yeye anamwita Kabange, kwa sababu alizaliwa pacha wa pili. Sasa, kwa Waluba wa Katanga mapacha wote ni Kyungu na Kabange. Ukiandika Kabange katika mashini, itakupa watu wengi sana, na hutajua yupi ni wako. Katika kitabu cha ubatizo yeye ni Petro. Katika karatasi za Leta labda hana jina la ubatizo hata kidogo, sababu mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kizungu na kila mtu akapashwa kuchukua jina la ukoo. Akivuka ziwa, karani wa Zambia anamwandika Peter. Majirani wa kambini wanamwita Baba Mwansa, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, ambaye dada yake hajamwona hata siku moja. Huyo ni mtu mmoja tu, na hakuna aliyesema uongo.

Ongezeni juu ya hayo namna ya kuandika. Karani wa kwetu amejifunza kwa Kifaransa, anaandika Tshola. Wa kule amejifunza kwa Kiingereza, anaandika Chola. Sikio linasikia jina moja, mashini inaona mawili. Watu walijaribu zamani kuiponya shida hii. Mwaka 1918 Mmarekani Robert Russell alipewa hati ya uvumbuzi kwa njia ya kupanga majina kwa kufuata sauti yake na si kwa kufuata herufi. Njia hiyo ni nzuri, lakini ilikatwa kwa kipimo cha sauti za Kiingereza. Njia hiyo inalinda herufi ya kwanza ya jina, basi Tshola na Chola zinawekwa katika masanduku mawili. Anayetaka kututengenezea chombo apashwa kukaa kwanza na watu wa Kilwa, Kasenga na Pweto, na kuandika kanuni za kwetu: Tsh na Ch ni kitu kimoja, Ky inaweza kuwa Ch, l na r zinabadilishana, w na u vilevile. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mgeni peke yake, hata akiwa na akili namna gani. Fratri anayejua Kibemba, Kiluba na Kiswahili, na ambaye masikio yake yako wazi, anaifanya kwa muda mfupi.

Kisha tukubali kwamba hata kwa kanuni njema jina peke yake halitatosha. Kinachomtambulisha mtu kwetu ni jamaa yake: mtoto wa nani, mjomba wake nani, yaya yake nani, alizaliwa nyuma ya nani, nkambo yake alizikwa katika kijiji gani. Chombo kizuri kitauliza maulizo hayo mbele ya kuuliza tarehe ya kuzaliwa, ambayo watu wengi wanaikisia tu. Na hapa sharti kuangalia maneno. Kwetu ndugu mdogo wa baba ni baba, na dada wa mama ni mama. Mtoto akisema «baba alikufa njiani na baba yuko Lubumbashi», anayeandika asidhani kwamba mtoto amechanganyikiwa. Aulize: baba yupi?

Sasa hatari. Tusiifiche, maana ndiyo inayopima kama chombo ni cha akili ao cha mchezo.

Rudini kwa mwezi ule wa Oktoba 2004. Askari waliporudi Kilwa, watu walikamatwa kwa kusingiziwa kwamba waliwasaidia waasi. Fikirini kama siku hizo kungekuwa orodha wazi, katika intaneti ao kwenye ukuta, ya waliokimbia, majina yao na mahali walipo. Mama angesoma na kufurahi. Lakini mwenye kisasi angesoma vilevile, na mpelelezi angesoma. Orodha moja inamhudumia kila anayeisoma. Wala hatari haitoki kwa askari tu. Kuna mwanamke aliyetumia vita kukimbia mume aliyempiga miaka kumi. Kuna kijana aliyeshikwa na maimai akatoroka. Wale anaowaogopa wanajua jina la mama yake kuliko sisi. Hao wamepotezana na mtu kwa kupenda kwao, na tukiwapatanisha kwa nguvu ya mashini tumewatoa kwa adui.

Kwa hiyo watu wa Msalaba Mwekundu wameshika desturi hii: wakimpata anayetafutwa, hawamwambii anayetafuta mahali alipo mpaka yule aliyepatikana akubali. Anaulizwa kwanza: fulani anakutafuta, unataka ajue? Anaweza kusema ndiyo. Anaweza kusema: mwambieni niko mzima, basi. Anaweza kusema hapana. Mimi naona kwamba hapa ndipo penye roho ya kazi yote. Chombo cha kuunganisha jamaa kijengwe kusudi ulizo lisafiri kwenda kwa mtu, wala habari za mtu zisisafiri bila yeye. Anayetafuta haoneshwi orodha. Anatuma ulizo, na mlango unafunguliwa toka ndani.

Na hata waangalifu wanaweza kupata shida. Mwezi wa Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa intaneti waliingia katika ordinatere zinazotunza habari za kazi hii, habari za watu zaidi ya 515,000, zilizotoka kwa vyama vya Msalaba Mwekundu si chini ya 60. Hao ni watu waliopotea, wafungwa, waliopotezana na jamaa. Fundisho kwa mtengenezaji ni rahisi kulisema na gumu kulishika: kisichoandikwa hakiwezi kuibiwa. Usiulize kabila kama halisaidii kumpata mtu. Usiulize dini, wala mtu alikuwa upande gani katika vita. Na ulizo likiisha kujibiwa, habari zisikae katika mashini milele.

Kuna mambo madogo ya telefone ambayo watengenezaji wa mbali huyasahau. Laini ya Kongo ikivuka ziwa inakuwa mgeni. Mtu ananunua laini ya Zambia, na namba ambayo watu wake waliishika kichwani imekufa. Laini isiyotumika muda mrefu inakatwa na namba anapewa mwingine. Kwa hiyo kumwandika mtu kwa namba ya telefone peke yake ni sawa na kujenga juu ya mchanga wa ziwa. Telefone moja inatumika na nyumba tatu, na mwenye telefone anasoma mesaje zote. Basi mesaje inayofika isitaje neno la siri, iseme tu: kuna habari, nenda kwa fulani. Wazee wengi hawasomi. Wape sauti badala ya maandiko, tena sauti ya Kiswahili chetu ao ya Kibemba, polepole, yenye kurudia mara mbili.

Na wale waliokufa? Si kila ulizo linapata mtu mzima. Protokoli ya kwanza ya 1977, iliyoongezwa kwa mapatano ya Geneva, inataja katika kifungu cha 32 haki ya jamaa kujua yaliyowapata watu wao. Jibu la kifo nalo ni jibu, lakini halitumwi kwa telefone. Hapo mashini inyamaze, na mtu aende kwa miguu. Kwetu mtu huyo mara nyingi atakuwa mkatekista, na inafaa aende na mwingine wa jamaa, asiende peke yake.

Tumalize na kitu ambacho kila parokia inacho tayari, na wengi hawajui kwamba ni chombo cha namna hii: kitabu cha ubatizo. Mafratri wanaojifunza sheria ya Kanisa wanajua kanuni ya 535 na ya 1122. Mkristu aliyebatizwa Kilwa akioa Kashikishi, paroko wa kule anapashwa kutuma habari kwa paroko wa mahali pa ubatizo, naye anaiandika kando ya jina lake. Sheria hiyo ilitungwa juu ya ndoa, si juu ya wakimbizi. Lakini tazameni: mtu aliyeondoka akiwa mtoto katika mtumbwi wa 2004, miaka ishirini nyuma yake karatasi inarudi kwa kitabu chake na kusema kwamba yu mzima, iko na mke, na parokia yake ni ile. Kitabu hicho kina jina la baba, la mama, la msimamizi wa ubatizo na la kijiji. Mashini nyingi zingependa kuwa nacho.

Basi vitabu hivyo vitunzwe mbali na mchwa na mvua, na nakala iwekwe mahali pengine, maana katika vita parokia nazo zinaibiwa. Habari za ndoa zikifika toka ngambo ziandikwe siku ile ile, zisilale katika meza ya ofisi. Mtu akija kutafuta, paroko asimfungulie kitabu asome mwenyewe. Achukue daftari, aandike maneno ya anayetafuta: jina ambalo mama alimwita mlangoni, mapacha ao aliyefuata mapacha, kovu, wimbo wa nyumbani, nani alibaki bandarini. Kisha amwandikie padri mwenzake wa kule kwa karatasi isiyofungwa, pasipo kutaja mahali anayetafuta anapolala, na kumwomba amuulize yule mtu kama anapenda kujibu. Mchuuzi wa samaki anaivusha karatasi hiyo kwa siku moja, hata kama rezo imeanguka.